Kuwapeleka watoto Bujora kujifunza historia ya ulinzi na polisi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila shule zinapokaribia kufungwa, wazazi wa Mwanza huanza kuulizana watoto wapelekwe wapi. Ufukweni wameshakwenda, Saanane wameshakwenda. Maswali yaliyo hapa chini yametoka kwa wazazi na walimu wa shule za msingi wanaotaka safari ya Bujora imfundishe mtoto jambo moja kwa undani: nani aliwalinda watu wa huku kabla ya polisi, polisi walikujaje, na mtoto asimame vipi mbele ya askari leo.

Kwani Bujora ni makumbusho ya polisi?

Hapana. Ni Makumbusho ya Wasukuma, yaliyopo Kisesa, wilaya ya Magu, kama kilomita 20 kutoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma. Yalianzishwa mwaka 1968 na Padri David Clement, Mkanada wa Quebec wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Utakuta viti vya enzi na ngoma za watemi, nyumba ya Kisukuma, nyumba ya mhunzi, nyumba ya mganga na vifaa vya vyama vya ngoma.

Nawashauri watu waanzie hapo kwa sababu Jeshi la Polisi la nchi hii halikuwepo kabla ya 1919, lakini ng'ombe waliibwa, watu waligombania mipaka ya mashamba, na mtu aliweza kumjeruhi jirani yake pombeni. Kuna waliosikiliza kesi hizo, na kuna waliomkimbiza mwizi usiku. Mtoto akiwajua hao kwanza, habari za polisi zinamwingia vizuri, maana anaona kazi ya ulinzi ilikuwepo tangu zamani na aliyebadilika ni mfanyakazi wake.

Mtoto wangu akimwona polisi anajificha nyuma yangu. Nimpeleke kweli?

Huyo ndiye wa kupelekwa wa kwanza. Woga huo mara nyingi tumeupanda sisi wenyewe. "Hutaki kula? Ngoja nikuitie polisi." "Ukilia tena, afande yule anakuchukua." Tunasema hivyo kwenye daladala huku trafiki amesimama dirishani na sare yake nyeupe, na mtoto anaamini. Siku akipotea pale sokoni au kwenye stendi ya Nyegezi, mtu wa kwanza ambaye angemsaidia ndiye atakayemkimbia.

Tena ni kitisho cha uongo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria zetu, inasema mtoto wa chini ya miaka 10 hawezi kuwajibishwa kwa kosa la jinai. Hakuna askari wa kumfunga mtoto wa chekechea kwa sababu amekataa ugali. Kwa hiyo kabla ya safari acheni hayo maneno nyumbani, baba, mama, bibi na dada wa kazi, wote. Ukimpeleka makumbusho Jumamosi halafu Jumapili ukamtishia polisi, nauli yako imepotea bure.

Hata hivyo usimwambie kwamba kila askari ni mtu mwema. Watoto wanaona mambo barabarani, na mtoto akigundua umempamba mtu asiyestahili, ataacha kukuuliza. Mwambie hivi: askari ni mtumishi, amepewa kazi ya kulinda watu, na akiifanya vibaya kuna wakubwa wake wa kumuuliza.

Umri gani unafaa?

Kuanzia miaka 6 hivi mtoto anafuatilia. Wadogo zaidi watafurahia nyumba za msonge na ngoma, ila msiwalazimishe kusikiliza maelezo. Habari za wakoloni, viboko na mauaji ziacheni kwa wenye miaka 10 na kuendelea.

Tunafikaje?

Mjini panda daladala za Kisesa, zinapita Nyakato na Igoma. Shukeni Kisesa senta, kisha bodaboda au bajaji hadi Bujora. Ni mwendo mfupi, na watoto wakubwa wanaweza kutembea asubuhi kabla jua halijawa kali. Darasa zima ni afadhali likodi gari. Msimpakie mtoto bodaboda mishikaki, watu watatu na begi juu, hata kama dereva anasema ni hapo tu.

Tukishafika, tuanze na nini?

Salamu. Ukiwakuta wazee, mtoto aseme "Shikamoo", na kama ni asubuhi umfundishe na "Mwangaluka, baba" au "Mwangaluka, mayu". Mzee wa Kisukuma akisalimiwa kwa Kisukuma na mtoto wa mjini anafunguka, na hapo mtapata simulizi ambazo haziko kwenye maandishi ya ukutani.

Halafu nendeni kwenye jengo la watemi. Lenyewe limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na watoto huligundua haraka wakiambiwa walitazame kwa mbali kabla ya kuingia. Mkiwa ndani msikimbie. Simameni kwenye ngoma moja tu mwitazame vizuri: gogo lililochongwa ndani likawa tupu, ngozi iliyovutwa ikakazwa, rangi ya ngozi ilivyo pale mkono au kirungu kilipokuwa kikitua. Muulize mtoto, hii ikipigwa usiku ingesikika mpaka wapi? Mpaka kwenu? Mpaka kwa bibi? Ngoma ya mtemi iliita watu, na kuita watu ndiko kulikokuwa mwanzo wa ulinzi wote wa zamani. Hapakuwa na simu wala difenda, kwa hiyo usalama wa kijiji ulitegemea watu kuitika.

Ngoma na viti havipigwi wala havikaliwi. Waambieni watoto kabla ya kuingia, msingoje mpaka mwongozaji amkemee mmoja mbele ya wenzake.

Mtemi alikuwa ndiye polisi?

Mtemi alikuwa mtawala, na kesi kubwa zilifika kwake, lakini kijijini kazi ya kila siku ilikuwa ya wengine. Wazee, banamhala, walisikiliza magomvi. Vijana walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, aliyewakusanya kwa kazi za pamoja kama kulima na kujenga. Likitokea la kutokea, mtu alipiga mwano, yaani yowe la hatari, na kila aliyelisikia alipaswa kutoka na silaha yake na kulipokeza kwa kijiji cha mbele. Aliyelala akaziba masikio alikuwa na kosa. Adhabu iliyoogopwa kuliko faini ni kutengwa, mtu asipewe moto wala maji, asizikwe na wenzake.

Watoto wanaelewa kutengwa upesi sana, kwa sababu shuleni wanakufanya kila siku. Ukiwauliza ni adhabu ya haki au si ya haki, wataanza kubishana, nawe usiwakatize.

Kuna mchezo wowote wa kuwafundishia?

Upo, na hauhitaji kununua kitu. Kaeni chini ya mti, mpe mtoto mmoja kesi: mbuzi wa Fulani ameingia shamba la jirani, amekula mahindi, na mwenye mbuzi anakana. Wawili wawe wagomvi, wawili mashahidi, watatu wazee. Sharti ni moja, kila anayezungumza asikatizwe mpaka amalize. Wazee waamue anayelipa, na alipe nini.

Mkishamaliza, uliza maswali ya pili. Kama mwenye mbuzi ni tajiri na wazee wanamwogopa? Kama shahidi ni ndugu yake? Hapo wenyewe watafika kwenye sababu ya kuwa na askari, hakimu na sheria iliyoandikwa. Nimeona watoto wa darasa la nne wakieleza kwa nini mkamataji asiwe ndiye mwamuzi, na hakuna mtu aliyekuwa amewafundisha.

Habari za askari wa Wajerumani niziseme vipi bila kumtia hofu?

Ziseme kwa ukweli, kwa sentensi fupi. Mwaka 1889 Wajerumani walimtuma Hermann von Wissmann kuzima upinzani wa pwani, naye akaajiri askari kutoka Sudan na Msumbiji. Mwaka 1891 kikosi hicho kikafanywa jeshi rasmi la koloni. Mwaka 1892 wakafungua kituo hapa Mwanza. Mtoto aelewe jambo hili: wale askari wa kwanza hawakuwa watu wa huku, hawakujua lugha ya watu waliowakuta, na hawakuletwa kuwalinda. Waliletwa kulinda utawala, kusukuma watu kwenye kodi na kazi za lazima. Kiboko cha hamsa ishirini, yaani mapigo ishirini na matano, ni cha zama hizo.

Mkirudi mjini mwoneshe lile jengo la Kijerumani juu ya kilima linaloitwa kwa jina la Gunzert, mtawala wa wilaya wa miaka ya mwisho ya Wajerumani, na mwamba wa Bismarck pale ziwani. Mtoto wa Mwanza anaupita mwamba huo kila wiki bila kujua umepewa jina la kansela wa Ujerumani. Waingereza waliuteka mji Julai 1916.

Kuhusu hofu, mtoto haogopi historia inayosimuliwa na mtu mzima aliyetulia. Anaogopa mtu mzima akinong'ona au akikwepa swali.

Na polisi wetu wa leo walianza lini?

Tarehe 25 Agosti 1919, chini ya Waingereza, makao makuu yakiwa Lushoto, na mkuu wa kwanza akiwa Meja S. T. Davis. Mwaka 1930 makao makuu yakahamia Dar es Salaam. Katika miaka ya 1920 Waingereza waliamua kutawala kupitia watemi, kwa hiyo huku Usukumani mwananchi wa kawaida alikutana zaidi na matarishi, yaani wajumbe, na mabaraza ya mtemi kuliko na polisi wa serikali kuu. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963. Mtanzania wa kwanza kuongoza jeshi hilo alikuwa Elangwa Shaidi, aliyeshika mwaka 1964.

Mtoto wa shule ya msingi akishika 1919, 1963 na 1964, inamtosha. Tena 1963 ndiyo itakayomsaidia kuelewa swali linalofuata.

Sungusungu nao waingie kwenye somo?

Waingie. Bila sungusungu historia ya ulinzi ya Usukumani ina pengo katikati, na pengo lenyewe watoto wanaweza kulijaza kwa kumuuliza babu yao.

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, silaha zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukawa wa bunduki. Vituo vya polisi vilikuwa mbali na magari hayakutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, upande wa Kahama na Shinyanga, wanavijiji wakajipanga wenyewe kwa pinde, mishale na filimbi, na mfumo ukasambaa hadi Mwanza na Tabora. Kiongozi wao walimwita ntemi, yaani mtemi kwa Kisukuma. Cheo kilikuwa kimefutwa serikalini miaka kama ishirini nyuma, watu wakakirudisha kijijini walipohitaji mtu wa kuwaita nao wakaitika. Ule mwano wa zamani ukarudi pamoja nacho. Serikali iliwaunga mkono, na mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa ili kuwatambua.

Ng'ombe walirudi, na wazee wengi wanawakumbuka kwa shukrani. Lakini usimpe mtoto mkubwa nusu ya habari. Kuna watu waliopigwa na kutozwa faini bila kusikilizwa. Kuna vijiji ambako kinamama wazee walishutumiwa uchawi, wakafukuzwa au wakauawa, na moja ya "dalili" ilikuwa macho mekundu. Mama aliyepika miaka yote kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, ndani ya nyumba yenye moshi, macho yake yatakuwa ya rangi gani? Mtoto wa miaka 11 analijibu swali hilo mwenyewe. Na akishalijibu, hatamwangalia tena bibi wa jirani kwa jicho la mashaka. Kwangu hilo peke yake linastahili safari nzima.

Mrudishe kwenye mchezo wa mbuzi: pale kijijini mkamataji, shahidi na mwamuzi walikuwa watu walewale.

Tumesikia kuna nyoka. Kweli?

Ni kweli kwamba baadhi ya wachezaji wa ngoma za Kisukuma hucheza na chatu. Mkienda siku ya kawaida bila kuomba ngoma, huenda msimwone. Mkienda wakati wa Bulabo, sherehe ya mwezi Juni inayofuatana na sikukuu ya Ekaristi, mtaona mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama vinavyotokana na waganga wawili waliokuwa mahasimu, Ngika na Gumha. Kila upande hutafuta mbinu ya kuvuta watazamaji, na chatu ni mojawapo. Mwambie mtoto mapema, mkae nyuma kidogo, na asilazimishwe kumgusa.

Bulabo ina umati mkubwa. Mwandikie mtoto namba yako ya simu kwenye karatasi, itie mfukoni mwake, na mkubaliane mahali pa kukutania mkipotezana. Kisha mwoneshe askari walioko zamu siku hiyo na umwambie, ukinikosa nenda kwa mmoja wao, sema "Shikamoo afande, nimepotea." Mjaribu kulisema pamoja mara mbili tatu.

Tubebe nini?

Maji mengi, kofia, chakula, pesa taslimu zenye chenji, na daftari la kuchorea. Ulizeni bei ya kiingilio na ya mwongozaji kabla ya kuanza kuzunguka. Mkitaka ngoma ichezwe, mtoe taarifa siku kadhaa kabla.

Njiani tunapita Igoma. Tusimame kwenye makaburi ya MV Bukoba?

Kwa watoto wakubwa, ndiyo, mkiwa na muda na utulivu. Meli ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia kufika Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Kwenye somo la ulinzi inahusika moja kwa moja, kwa sababu ulinzi ni pamoja na yule anayehesabu abiria bandarini na kukataa kuzidisha mzigo. Waambie hivyo. Ila msichanganye Igoma na Bujora kwa watoto wadogo siku moja. Watarudi nyumbani na jambo moja tu kichwani, na si lile mlilolifuata.

Baada ya Bujora tunaweza kuwapeleka kituo cha polisi?

Inawezekana, na naona ndiyo nusu ya pili ya safari. Shule iandike barua kwa mkuu wa polisi wa wilaya, OCD, ikitaja idadi ya watoto, umri na siku mnayoomba. Kama ni kikundi cha wazazi wa mtaa mmoja, anzeni na mkaguzi wa polisi wa kata yenu, kwa sababu kazi yake ni kukaa karibu na wananchi. Ombeni watoto wazungumze na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto. Askari wa dawati ndiye atakayemsikiliza mtoto aliyepigwa au aliyefanyiwa ukatili, na ni vizuri wamjue kabla hawajamhitaji.

Msiombe watoto waoneshwe mahabusu. Aliyemo ndani ana ndugu zake na kesi yake haijaisha. Si wa kutazamwa.

Waacheni watoto waulize wenyewe, na msiwachagulie maswali. Watauliza kama pingu zinauma, kama askari analia, kama karandinga lina viti. Baadaye watauliza magumu: kwa nini baba alitoa hela barabarani? Afande mwenye hekima atajibu. Akishindwa, mjibu ninyi mkifika nyumbani, bila kumdhalilisha.

Mtoto ashike namba gani kichwani?

Mbili. 112 kwa dharura ya polisi, na 116 ambayo ni simu ya msaada kwa mtoto, ya bure. Azijue kwa moyo kama anavyojua namba ya mama. Na ninyi wazazi mjue kwamba mtoto akijeruhiwa kwa kupigwa au kwa ajali, fomu ya PF3, ile ya polisi ya kumpeleka majeruhi kutibiwa, hutolewa kituoni bila malipo. Hali ikiwa mbaya mkimbizeni hospitali kwanza, fomu ifuate.